Mji, Pindo na Mlingoti: Maneno ya Kuelezea Bendera na Nembo kwa Kiswahili

Miaka michache iliyopita shule moja ya mkoani iliagiza bendera mpya ya Taifa kwa fundi cherehani wa mtaani. Mwalimu aliyetumwa kuagiza hakuwa na picha. Alikwenda mbele ya ofisi moja ya serikali, akaitazama bendera iliyokuwa ikipepea pale, akaandika alichokiona: kitambaa kina pembetatu mbili, ya juu ni ya kijani na ya chini ni ya buluu, na katikati unapita ukanda mweusi wenye kingo za manjano, unaoanza juu kushoto na kuishia chini kulia. Fundi aliisoma karatasi, akashona kama alivyoambiwa, na kazi yake ilikuwa safi. Siku ya kuipandisha, mwalimu mmoja mzee akapiga kelele: bendera ni ya uongo! Ukanda, ambao hupanda kutoka mlingotini, hapa ulikuwa ukishuka.

Nilikuwapo siku hiyo kwa shughuli nyingine. Fundi aliitwa, akaja na karatasi yake mkononi. Alisema neno ambalo halijanitoka mpaka leo: "Mwalimu, hapa pameandikwa kulia. Kulia kwa nani?" Kisha akaitandaza bendera juu ya meza, akaizungusha, akaitazama kwa muda. Alichofanya baadaye kilitushangaza sote. Alifumua pindo lililopitisha kamba katika upande mmoja, akalishona katika upande wa pili, basi. Hakugusa ukanda wala pembetatu. Saa moja baadaye bendera ile ile ilipanda, nayo ilikuwa sahihi bila kasoro.

Msomaji akitaka kulihakiki jambo hili, na achore kwenye karatasi. Mwalimu aliyeagiza alikuwa amesimama nyuma ya bendera, mlingoti ukiwa mkono wake wa kulia; alichokiona kilikuwa kweli, na alichokiandika kilikuwa kweli. Kosa halikuwa la macho yake wala la sindano ya fundi. Lilikuwa kosa la maneno. Bendera ni kitu chenye nyuso mbili, nasi tulikuwa tumeieleza kana kwamba ni picha iliyobandikwa ukutani.

Makala haya yanahusu maneno hayo. Nia yangu si kutunga orodha ndefu ya istilahi mpya, maana orodha za namna hiyo tunazo nyingi na nyingine hazijapata msomaji wa pili. Nataka kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya maneno tunayoyahitaji tunayo tayari, katika kinywa cha baharia, cha mshonaji na cha mvaaji kanga. Na kwamba pale tunapokosea, aghalabu tumekosea kwa sababu tumemfuata mfasiri badala ya fundi.

Huko Ulaya elimu ya kueleza ngao na bendera kwa maneno ni ya zamani. Tangu karne ya 12 na ya 13 mashujaa wa vita walichora alama kwenye ngao zao ili wajulikane, na waandishi wakaziandika alama hizo katika hati bila kuzichora. Iliwapasa basi kuwa na lugha ambayo mchoraji wa mbali, asiyeiona ngao, ataisoma na kuichora ngao ile ile. Lugha hiyo, hata katika Uingereza, ilikuwa Kifaransa cha kale, na mpaka leo Mwingereza anayeandika habari za ngao hutumia maneno ambayo Mwingereza mwenziwe wa barabarani hayaelewi. Mimi mwenyewe, nilipokuwa nikisoma huko, nilikula kwa miaka mitatu katika ukumbi wenye madirisha yaliyojaa ngao za rangi, na sikujua kwamba kila moja ina sentensi yake mpaka mzee mmoja mhudumu wa ukumbi aliponisomea chache kwa kichwa, kama mtoto asomavyo alifu-be-te.

Elimu hii si ya Ulaya peke yake. Masultani na maamiri wa Kimamluki waliotawala Misri na Sham, tangu 1250 hadi 1517, walikuwa na nembo zao kwenye milango, vyombo na taa za misikiti: simba wa Baybars, kikombe cha mnyweshaji wa sultani, na kadhalika. Nembo hiyo kwa Kiarabu iliitwa *rank*, nalo ni neno la Kiajemi *rang*, maana yake rangi. Kiswahili nacho kimelipata neno lake rangi kutoka Kiajemi hicho hicho. Kwa hiyo kila tunapotamka rangi ya bendera, twatamka ndugu wa neno ambalo Wamisri wa karne ya 14 waliliita nembo yenyewe. Sioni kwamba jambo hili linathibitisha chochote, lakini ni vema kujua kwamba si sote katika elimu hii tulioingia kwa mlango wa Ulaya.

Neno bendera, kama wasomaji wajuavyo, ni la Kireno, *bandeira*, na lilikuja na Wareno wenyewe, pamoja na meza, karata, mvinyo na leso. Yafaa kulitia maanani hilo la mwisho. Bendera na leso ni vitambaa viwili vilivyoshuka kutoka katika majahazi yale yale, na nitaonyesha hapa chini kwamba leso ndiyo iliyopata lugha bora zaidi. Kamusi zetu za zamani zina pia beramu, na alamu ambalo ni neno la Kiarabu la asili moja na alama. Maneno hayo mawili yamebaki kwa wachache, na sioni haja ya kuyafufua kwa nguvu.

Nirudi kwa swali la fundi. Katika elimu ya ngao ya Ulaya swali la "kulia kwa nani" lilijibiwa zamani: kulia ni kulia kwa yule aliyeishika ngao, si kwa anayeitazama. Kwa hiyo upande wa kulia wa ngao ndio ulio kushoto kwa mtazamaji. Kanuni hii ni nzuri kwa ngao, kwa sababu ngao ina mtu nyuma yake. Kwa bendera haifai, maana nyuma ya bendera hakuna mtu. Nyuma ya bendera kuna bendera vile vile. Isitoshe, katika Kiswahili maneno haya hubeba mizigo yake. Kulia kwatokana na kula, mkono wa kulia chakula. Tena twasema mkono wa kuume na mkono wa kike. Wazungu nao hawakuepuka mzigo kama huo: katika riwaya zao ukanda unaokwenda mshazari wa upande wa kushoto huaminika kuwa dalili ya mwana wa haramu. Na ukanda wa bendera ya Tanzania, ukielezwa kwa kanuni ya ngao za Ulaya, ni wa mshazari huo huo wa kushoto. Mfasiri atakayeigeuza kanuni hiyo neno kwa neno ataiandika bendera ya Taifa kwa mkono wa kushoto, na asijue amefanya nini.

Dawa yake ni kutaja mlingoti. Upande uliofungwa kwenye mlingoti haubadiliki hata ukiizunguka bendera mara mia. Wanaofasiri leo huandika "upande wa mlingoti" na "upande wa kupepea", na maneno hayo yaeleweka. Mimi napendelea kuyafupisha kwa kiishio chetu cha mahali: *mlingotini* na *upeponi*. Ni mafupi, yaingia katika sentensi bila kuikwamisha, na hayahitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kuiona bendera ikipepea. Usiseme peponi, maana hapo bendera itakuwa imekwisha kufa na kwenda zake.

Nakiri kwamba nilijaribiwa kwanza na maneno ya mabaharia. Tanga la jahazi lina pembe ya mbele ifungwayo, ambayo ni goshi, na lina kamba ya pembe ya nyuma, ambayo ni demani; tena twasema upande wa goshini na upande wa demani, yaani upande utokako upepo na upande uendako. Je, si haya hasa tunayoyataka? Bendera nayo hutwekwa kama tanga, kwa kamba ipitayo katika kapi, juu ya mlingoti wenye jina lile lile. Lakini nilipoyatumia darasani niligundua mambo mawili. Wanafunzi wa bara hawakuyajua kabisa, na wanafunzi wawili wa pwani waliyajua mno: kwao goshini ni neno la upepo kabla ya kuwa neno la kitambaa, na upepo ukigeuka huwa upande mwingine wa chombo. Neno linalogeuka pamoja na upepo ndilo hasa tunalolikimbia. Kwa hiyo nimeyaacha baharini, ila nimebaki na kutweka. Siku hizi husikika zaidi kupandisha bendera, nacho ni Kiswahili safi. Lakini kutweka humaanisha kupandisha kwa kamba, nalo ni tendo lenyewe. Kuhusu "nusu mlingoti", ijapokuwa neno hili limekopa umbo lake kwa Kiingereza, limekwisha kuenea redioni na magazetini katika kila msiba wa kitaifa, na mwenye kulipinga atakuwa anapigana na maombolezo.

Sasa nije kwenye kitambaa chenyewe. Jambo la kwanza katika kueleza bendera au ngao ni kutaja eneo zima ambalo vitu vingine vyote vimewekwa juu yake. Wafasiri wetu huliita uwanja, wengine usuli, na nimewahi kuona hata mandhari. Uwanja ni tafsiri ya moja kwa moja ya neno la Kiingereza la shamba au kiwanja, na humfanya msomaji afikirie mpira. Lakini mwulize mwanamke yeyote wa Unguja, Mombasa au Dar es Salaam akueleze kanga yake. Atakuambia kwamba kanga ina pindo, yaani ukingo uzungukao pande nne; ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa; na ina *mji*, yaani sehemu yote ya katikati. "Mji mwekundu, pindo jeusi": kwa maneno manne amekwisha kueleza nguo kwa namna ambayo mwenye duka ataitoa kabatini bila kuuliza tena. Hii ni lugha kamili ya kueleza vitambaa, imejaribiwa na maelfu ya watu kwa zaidi ya miaka mia, nayo ina utaratibu ule ule wa elimu ya ngao: kwanza eneo, kisha vilivyomo.

Kwa hiyo napendekeza tuseme mji wa bendera. Mwenzangu mmoja, niliposoma rasimu ya makala haya mbele ya kikao chetu, alipinga kwamba neno la kanga si neno la dola, na kwamba bunge haliwezi kuandika mji wa bendera bila wabunge kucheka. Nilimjibu kwamba bendera ni nguo. Ikiwa serikali haioni haya kuishona kwa cherehani, haina sababu ya kuona haya kuieleza kwa maneno ya cherehani. Tena kanga nyingi zimebeba mwenge, ramani na picha za viongozi. Dola ilikwisha kuingia katika mji wa kanga bila kubisha hodi.

Katikati ya mji ni *kitovu*. Neno hili nalipenda kwa sababu ya ziada: katika elimu ya ngao ya Ulaya nukta moja ya ngao, iliyo chini kidogo ya katikati, huitwa kitovu kwa Kifaransa, na sehemu ya juu huitwa kichwa. Ngao ilionekana kama kiwiliwili cha mtu. Kiswahili kilikuwa kikisema kitovu cha mji siku zote, kwa maana ya mahali pa watu na biashara. Hapa maana mbili zimekutana.

Mistari yatupasa kuitofautisha. Mstari mpana unaogawa mji wote ni *mlia*, kama milia ya punda. Nayo milia ni ya kulala au ya kusimama. Ulaji wa maneno kama "mlalo" na "wima" haunisumbui, lakini fundi husema kulala na kusimama, na hilo latosha. Mstari mwembamba unaotenga rangi mbili ni *tarizi*. Washonaji wa kanzu walijua tarizi kabla ya bendera yoyote kutwekwa, nayo ndiyo kazi hasa ya mistari myembamba ya manjano katika bendera ya Tanzania na myeupe katika bendera ya Kenya: kuupa ukingo mstari mpana zaidi.

Kwa nini mistari hiyo ipo? Wengi hudhani ni kwa maana yake tu, kwamba dhahabu ni madini ya nchi na nyeupe ni amani. Maana hizo zipo. Lakini iko pia kanuni ya zamani ya ufundi. Elimu ya ngao hugawa rangi makundi mawili: madini, ambayo ni dhahabu na fedha, na rangi halisi, ambazo ni nyekundu, buluu, kijani, nyeusi na zambarau. Dhahabu ni sawa na manjano, na fedha ni sawa na nyeupe. Kanuni husema usiweke rangi juu ya rangi, wala madini juu ya madini, kwa sababu kwa mbali hayaonekani. Nyeusi juu ya kijani, au nyeusi juu ya buluu, hupotea machoni pa mtu aliye mbali. Weka tarizi ya manjano kati yake, na jicho hulipata umbo mara moja. Bendera ya Tanganyika ya 9 Desemba 1961, ambayo Alexander Nyirenda aliisimamisha juu ya Kilimanjaro, ilikuwa ya kijani, nyeusi na kijani, na milia yake ilitengwa kwa tarizi za manjano. Ya Kenya ya 12 Desemba 1963 ni nyeusi, nyekundu na kijani, na imetengwa kwa nyeupe. Bendera ya mwisho ya Usultani wa Zanzibar, iliyotwekwa 10 Desemba 1963 na kushushwa kwa Mapinduzi ya 12 Januari 1964, ilikuwa na mji mwekundu, na kitovuni duara la kijani lenye karafuu mbili za manjano. Kijani juu ya nyekundu huvunja kanuni, karafuu juu ya kijani huifuata.

Mstari wa kupita kona kwa kona ni *mshazari*. Maseremala na washonaji wana pia hanamu, wasemapo kukata hanamu, lakini hilo ni neno la namna ya kukata zaidi kuliko la mstari wenyewe. Na hapa ndipo penye fundo la bendera iliyoanza makala haya. Mishazari ni miwili. Ule unaotoka pembe ya chini mlingotini na kufika pembe ya juu upeponi nimeuita *mshazari upandao*; ule unaotoka pembe ya juu mlingotini na kufika pembe ya chini upeponi ni *mshazari ushukao*. Safari daima yaanza mlingotini. Kwa kanuni hiyo moja, maneno kulia na kushoto hayahitajiki tena, na lile swali la mwana haramu halizuki. Tanzania ina mshazari upandao. Kongo iliyo makao makuu yake Brazzaville inao. Namibia inao tangu 1990. Na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, inao tangu 2006, ukiwa mwekundu wenye tarizi za manjano juu ya mji wa buluu ya mbingu, na nyota ya manjano katika pembe ya juu mlingotini.

Sasa niseme neno juu ya sarufi, kwa sababu hapa Kiswahili kina neema ambayo lugha ya asili ya elimu hii haina. Katika Kiingereza cha ngao jina la rangi hufuata jina la kitu, kinyume cha desturi ya Kiingereza, kwa kuwa hivyo ndivyo Kifaransa kilivyotaka. Kiswahili hakihitaji kujipinda: kwetu sifa hufuata nomino siku zote. Zaidi ya hayo, wao hupata taabu vitu viwili vikitajwa pamoja na rangi moja mwishoni, maana msomaji hajui kama rangi ni ya kitu cha mwisho au ya vyote viwili, na wametunga kanuni nyingi za kuondoa shaka hiyo. Tazama nembo ya Kenya, yenye jogoo ashikaye shoka. Tukisema "jogoo aliyeshika shoka jeupe", shoka peke yake ni jeupe. Tukisema "jogoo mweupe aliyeshika shoka", jogoo ndiye mweupe. Kiambishi kimemaliza kesi. Neema hiyo ina mipaka yake, hata hivyo. Hukatika pale vitu viwili vinapokuwa vya ngeli moja, kwani "ngao na karafuu nyekundu" hubaki na utata, na hapo hatuna budi kurudia neno. Hupungua pia kwa rangi zisizo sifa halisi. Nyeusi, nyeupe na nyekundu hupokea viambishi. Kijani, buluu, manjano na zambarau ni majina, nayo husimama kwa kihusishi cha -a: mlia wa kijani, shoka la buluu, simba wa dhahabu. Upatanisho wabaki katika hicho kihusishi, kwa hiyo mwandishi asikiache. Mtindo wa kuandika "mlia kijani" na "duara buluu", unaoonekana sana katika matangazo, huitupa silaha yetu bora.

Mikao ya wanyama nayo haihitaji istilahi. Wazungu wana neno pekee kwa simba asimamaye kwa miguu ya nyuma, jingine kwa simba atembeaye, jingine kwa simba alalaye. Sisi tuna kirejeshi, nacho hufanya kazi hiyo bila kumtisha mtu: simba asimamaye, simba atembeaye. Korongo wa bendera ya Uganda, iliyotwekwa 9 Oktoba 1962, ameinua mguu mmoja na kutazama mlingotini. Hapo mlingotini limetusaidia tena, maana kusema "anatazama kushoto" kungekuwa kweli kwa nusu ya watazamaji tu.

Limebaki suala la ngao na nembo, ambayo watu huyachanganya bila wasiwasi. Nembo, kabla ya kuwa ya taifa, ilikuwa mwilini: chale na alama za kabila zilizochanjwa usoni, kifuani au tumboni. Wamakonde mpaka leo huziita *dinembo*. Neno lililotoka katika ngozi ya mtu likawa alama ya dola, nami sijui lugha nyingine iliyofanya hivyo kwa uzuri zaidi. Ngao, kwa upande wake, ni kitu cha kujikingia. Kwa hiyo nashauri tuweke mpaka: ngao ni ile ngao tu, iliyo katikati ya mchoro, nembo ni mchoro wote, pamoja na walioishika ngao, mlima uliopo chini na maneno yaliyoandikwa. Katika nembo ya Tanzania ngao ina sehemu nne kutoka juu: ya dhahabu yenye mwenge, kisha bendera yenyewe, kisha nyekundu yenye shoka na jembe vilivyopishana, kisha mawimbi ya buluu na nyeupe. Walioishika ni mwanamume na mwanamke, waliosimama juu ya Kilimanjaro, karafuu ikiwa miguuni pa mwanamume na pamba miguuni pa mwanamke. Wananchi hawakungoja wataalamu kuwapa jina. Waliiita nembo hiyo yote *bibi na bwana*, na mpaka sasa wako wazee wanaojua hati ya serikali kwa kuona kama ina bibi na bwana. Hao wawili nimewaita *washika ngao*. "Wahimili", lililopendekezwa na baadhi, lafaa kwa nguzo, si kwa watu.

Yote haya yangekuwa mazungumzo ya baada ya chakula kama si jambo moja. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria yake, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na lugha ya mahakama. Sheria zilizotungwa kwa Kiingereza, pamoja na ile ya 1971 ihusuyo alama za Taifa, sharti zipate maandishi ya Kiswahili ambayo hakimu atayasoma na kuhukumu kwayo. Kenya, katika Katiba yake ya 2010, ilizitaja alama za taifa katika Kifungu cha 9 na kuzionyesha kwa michoro katika Jedwali la Pili, na hiyo ni njia ya busara. Lakini mchoro hausomwi kizimbani. Mtu akishitakiwa kwa kushona bendera isiyo ya kweli, kitakachosomwa ni maneno. Na tumekwisha kuona kwamba kwa maneno ya kulia na kushoto mtu huyo aweza kuwa na hatia akiwa mbele ya bendera, na asiwe na hatia akiwa nyuma yake.

Basi nimeandika hivi kwa bendera ya Tanzania: *Mji umegawanywa kwa mshazari upandao, sehemu ya juu, iliyo mlingotini, ni ya kijani, sehemu ya chini, iliyo upeponi, ni ya buluu, juu ya mshazari umelazwa ukanda mweusi wenye tarizi ya dhahabu kila upande.* Na kwa ya Kenya: *Mji una milia mitatu ya kulala, kutoka juu mlia mweusi, mlia mwekundu na mlia wa kijani, mlia mwekundu una tarizi nyeupe juu na chini, kitovuni pana ngao ya Kimasai mbele ya mikuki miwili myeupe iliyopishana.*

Nilipopita mkoani mara ya mwisho nilimpelekea fundi yule maelezo ya kwanza kati ya hayo mawili, bila picha, nikamwomba anichoree kwa chaki juu ya kitambaa. Alisoma mara moja, akauliza upeponi ni wapi, kisha akajijibu mwenyewe kabla sijafungua kinywa. Akachora mlingoti kwanza, halafu mshazari, na mshazari ulipanda. Alipofika kwenye ukanda alinyanyua chaki na kunitazama. "Upana gani, Mwalimu? Na tarizi je, upana gani?" Hilo sikuwa nimeliandika.